Kampuni ya bima inataka nisaini, na mimi naogopa wasije wakaniuliza zaidi

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeifuta. Usiku huu nimeamua kuimaliza, maana kesho kutwa kampuni yangu ya bima inatarajia niirudishe karatasi waliyonipa ikiwa na saini yangu.

Nina gari dogo nililolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Tangu siku ya kwanza nimelikatia bima kubwa, na kwa miaka minne sijawahi kudai hata kioo. Miezi mitatu iliyopita, Jumamosi usiku, mdogo wangu wa kiume aliliazima. Ana miaka 26, tunaishi naye, na haikuwa mara ya kwanza. Akiwa barabara kuu, pikapu ilichomoza kutoka barabara ya pembeni bila kusimama ikamgonga ubavuni, upande wa kushoto. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Polisi walifika, wakapima, na ripoti yao inasema dereva wa pikapu hakutoa njia. Mdogo wangu ana leseni halali na hakuwa amekunywa chochote.

Kesho yake nilijaza fomu ya madai nikisaidiwa na wakala aliyenikatia bima. Kuna mahali fomu inauliza gari lilikuwa likitumika kwa shughuli gani wakati wa ajali. Niliandika "binafsi". Sikusita, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Wiki mbili baadaye nilikwenda gereji kutoa vitu vyetu. Nyuma ya kiti cha dereva nikakuta waya wa chaji wenye vichwa vitatu, umebanwa kwa utepe mweusi pale ambapo mtu wa kiti cha nyuma anaufikia. Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na chupa ndogo sita za maji, hazijafunguliwa. Si mimi niliyezinunua. Niliketi humo ndani na mlango ukiwa umebonyea hadi karibu na goti langu, nikiushika ule waya, na nikaelewa kabla hata sijamuuliza mtu.

Nilipomuuliza alikiri. Kwa miezi mitano, kila anapoazima gari, amekuwa akibeba abiria wa kulipa kwa programu ya simu. Anaapa kwamba usiku ule alikuwa ameshamaliza, ameizima programu, na yuko njiani kurudi nyumbani. Nataka kumwamini, Shangazi. Nilimweleza wakala, naye akanijibu, "Dada, hayo usiyataje popote. Fomu imeshaingia. Ukiyasema umejimaliza mwenyewe."

Mkadiriaji wa kampuni alikuja akapiga picha nyingi, nje na ndani. Baada ya hapo ukawa kimya wa wiki saba. Kila nikipiga simu napokelewa na mtu mwingine, naanza hadithi upya tangu mwanzo. Hatimaye ikaja barua yenye kiasi kimoja tu, ambacho ni asilimia 61 ya makadirio ya gereji. Maelezo yake ni maneno mawili: uchakavu na bima pungufu. Imeambatana na hati ya kusaini kwamba nimepokea "malipo kamili na ya mwisho". Ofisa wao aliniambia kwa simu kwamba nikisaini wiki hii nitalipwa ndani ya siku kumi, nikipinga "faili litafunguliwa upya". Maneno hayo ndiyo yananinyima usingizi.

Mume wangu anasema tusaini, pengo tutakopa. Mdogo wangu anasema tunaibiwa, twende kwa msimamizi wa bima tukalalamike. Haoni kwamba faili likifunguliwa ni yeye atakayeonekana. Nimemkasirikia, na papo hapo namwonea huruma, kwa sababu fedha zile alikuwa anajilipia ada ya chuo bila kutuambia kwamba ameshindwa. Mama yangu husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na gari hilo ndilo lililokuwa linampeleka. Sasa tunamuomba huyu na yule.

Nisaini? Nipinge? Ninyamaze? Na je, mimi ni mwizi?

Nimekwama Katikati

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa mama, na pole kwako unayeamka kila mara ukitafuta nani leo atampeleka. Nimeanza na hilo kwa sababu naona katika barua yako umeliweka mwishoni, karibu kama nyongeza, na mimi nadhani ndilo linalokusukuma kuliko yote. Mtu mwenye mgonjwa wa kupelekwa mara tatu kwa wiki husaini haraka. Makampuni yanalijua hilo.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilifanya kazi miaka kumi na moja katika idara ya madai ya kampuni ya bima. Nimekadiria, nimekata, nimeandika barua kama hiyo uliyopokea. Kwa hiyo nitakueleza ninavyoliona jambo hili. Uamuzi utabaki wako, maana saini itakuwa yako.

Nilivyokuelewa, una mambo mawili mikononi. La kwanza ni malipo unayoyaona madogo bila kuelezwa sababu. La pili ni jambo ulilolijua baada ya kujaza fomu, ambalo hujalisema. Kila moja lingekuwa na njia yake. Lakini umeyafunga pamoja kwa fundo moja, na yule ofisa alipokuambia "faili litafunguliwa upya" akalikaza. Sasa unaona kwamba huwezi kudai haki yako kwenye la kwanza bila kuumbuka kwenye la pili. Hebu tulifungue fundo taratibu.

Nianze na lile neno ulilojiita. Ulipoandika "binafsi" uliandika ulichokijua. Kukosea kwa kutojua si kudanganya, na sheria za bima katika nchi nyingi zinavitofautisha vitu hivyo viwili. Kilichobadilika ni kwamba leo unajua zaidi ya ulivyojua siku ile. Ukiulizwa swali hilohilo tena, au ukisaini maelezo mengine, jibu la safari hii litakuwa jibu la mtu anayejua. Hapo ndipo pazito, na nafurahi kwamba umepaona mwenyewe kabla hujaambiwa.

Lakini unajua nini hasa? Unajua kwamba mdogo wako amekuwa akibeba abiria kwa miezi mitano. Kama alikuwa akibeba abiria usiku ule, hujui. Umebaki na kiapo chake, na kiapo kinakuumiza kwa sababu huna pa kukipimia. Pa kukipimia papo. Programu hizo huhifadhi historia ya safari: saa abiria alipopanda, saa aliposhuka, wapi. Muombe akae nawe aifungue simu yake, mkiwa wawili, bila mume wako na bila kelele. Linganisha saa ya safari ya mwisho na saa iliyoandikwa kwenye ripoti ya polisi. Jambo hilo moja litakuondolea nusu ya usiku unaokesha, hata kama jibu litakuwa chungu.

Kisha chukua mkataba wako wa bima. Kadi unayobandika kwenye kioo haitoshi, nazungumzia kile kitabu chenye maandishi madogo. Tafuta sehemu ya mipaka ya matumizi. Kuna mikataba inayosema haitalipa ajali iliyotokea wakati gari linabeba abiria au mizigo kwa malipo. Mingine inaenda mbali zaidi na kumtaka mwenye bima aitaarifu kampuni mara tu matumizi ya gari yanapobadilika, iwe ajali imetokea wakati wa biashara au la. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya kesi yako. Kama mkataba wako ni wa aina ya kwanza na programu inaonyesha alikuwa ameshamaliza, huenda jibu lako "binafsi" lilikuwa kweli tangu mwanzo, na unaogopa jambo usilopaswa kuliogopa. Kama ni wa aina ya pili, una jambo la kueleza. Nimeona watu wakibeba hofu kwa miezi bila kuusoma ukurasa huo, na sikulaumu, maana umeandikwa kama haukutakiwa kusomwa. Ukiwa hapo, angalia pia mkataba unaruhusu nani aendeshe. Mara nyingi bima kubwa humkubali dereva yeyote mwenye leseni aliyepewa ruhusa na mwenye gari, lakini baadhi huweka sharti la umri au la majina.

Sasa huyu wakala. Umemchukulia kama mtu wako, na pengine ni mtu mwema. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida wakala hufanya kazi kwa niaba ya kampuni na hulipwa kamisheni nayo. Anayemwakilisha mteja ni dalali wa bima, na hao ni watu wawili tofauti. Ushauri wake wa "usiyataje popote" unalinda pia faili alilosaidia kulijaza. Na kuna jambo ambalo huenda hakulifikiria: katika nchi nyingi, alichoambiwa wakala akiwa kazini huweza kuhesabiwa kwamba kampuni imeambiwa. Sikushauri uuegemee ukuta huo, kwa sababu siku ya kuulizwa anaweza kusema hukumwambia lolote. Ila usiseme moyoni kwamba siri unayo wewe peke yako. Anayo yeye, anayo mdogo wako, na mkadiriaji aliyepiga picha za ndani ya gari ana macho. Ule waya ulikuwa palepale ulipoukuta.

Hapo napenda nikusimulie kesi moja ya zamani, kwa sababu kila aliyesomea bima hufundishwa. Ngome moja ya Waingereza huko Sumatra, Fort Marlborough, ilikuwa na gavana aliyeitwa George Carter. Alimtuma ndugu yake aliyekuwa London amkatie bima, kwamba adui akiiteka ngome alipwe. Mwaka 1760 Wafaransa wakaiteka. Mtoa bima, Boehm, akakataa kulipa akidai Carter alificha jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Mwaka 1766 jaji Mansfield aliamua kwamba mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu, na kwamba uaminifu huo unawafunga wote wawili. Kisha akampa ushindi Carter. Aliona mtoa bima alikuwa na nafasi ya kuuliza, hakuuliza, akachukua ada yake, halafu akangoja ngome itekwe ndipo alalamike.

Sisemi hukumu hiyo inakuokoa. Wewe uliulizwa matumizi ya gari na ukajibu. Ninaitaja kwa sababu tangu mwanzo wa barua yako hadi mwisho umeupima uaminifu wako mwenyewe, na wa kampuni hujaupima. Kukuandikia maneno mawili baada ya wiki saba na kukutaka usaini ndani ya siku chache si uaminifu unaotosha. Una haki ya kuambiwa hesabu ilivyofanywa.

Kwa hiyo tuyatazame maneno yao. Uchakavu maana yake ni hiki: bima inakusudia kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Kukupandisha zaidi ya hapo si kazi yake. Tairi lililokwisha nusu likibadilishwa kwa jipya, kampuni inaweza kukukata hiyo nusu. Hivyo hivyo betri, hivyo hivyo shoki. Lakini mlango wa chuma hauchakai kama tairi, na gari lako limegongwa ubavuni. Kama wamekata uchakavu kwenye milango na nguzo za bodi, waulize ni kifungu gani cha mkataba kinachowaruhusu. Bima pungufu ni jambo jingine. Tuseme gari lina thamani ya 100 sokoni, wewe umelikatia bima ya 70. Ukipata hasara ya 40, mkataba wenye kifungu hicho utakulipa 28, kwa sababu ulilipia sehemu saba tu za kumi. Swali ni mbili: je, mkataba wako una kifungu hicho, na je, hiyo thamani ya soko wameipata wapi? Nakiri, nikiwa kazini niliwahi kuona thamani ikichukuliwa kutoka kwenye tangazo la gari jipya kuliko la mteja kwa miaka mitatu. Mteja alipoomba kuonyeshwa, hesabu ilirudiwa.

Hayo yote unaweza kuyaomba: nakala ya ripoti ya mkadiriaji, na mchanganuo wa makato, kipande kwa kipande. Omba kwa maandishi. Wakikupigia simu, wasikilize, kisha waandikie siku hiyohiyo kwamba "kama tulivyozungumza leo, mmesema hivi na hivi". Hutaanza tena hadithi upya kwa kila mtu mpya. Na kuomba maelezo si kupinga. Hapo ndipo naomba utafakari tena yale maneno ya ofisa. Huenda "kufungua faili upya" kulimaanisha tu kwamba mkadiriaji atarudi gereji. Huenda kweli alikutisha. Hujui, na umeyajaza kwa hofu uliyokuwa nayo tayari. Muulize kwa maandishi alimaanisha nini.

Sasa kusaini. Mume wako hakukosea kuliwaza hilo, na usimwone mwoga. Anamtazama mama, anakutazama wewe. Fedha pungufu zilizo mkononi zina thamani kuliko kamili ya mwakani. Lakini fikiria mlango ule uliobonyea hadi karibu na goti lako. Fundi hajaufungua bado. Gari likigongwa ubavuni hivyo, mara nyingi nguzo ya katikati au sakafu inakuwa imepinda, na halionekani mpaka bodi ivuliwe. Kwa kawaida gereji ikigundua uharibifu uliojificha, kampuni huitwa tena kufanya ukaguzi wa nyongeza. Ukishasaini "kamili na ya mwisho", mlango huo umejifunga. Unaweza kuuliza kama watakubali kuongeza maneno kwamba uharibifu utakaoonekana baada ya kufunguliwa bodi haumo. Wengine hukubali. Na kuna hatari nyingine, nayo nakueleza bila kukutisha: malipo yaliyopokewa juu ya maelezo ambayo mpokeaji alijua si kweli yanaweza kudaiwa yarudishwe, hata baada ya miezi. Saini haitaifunga hofu yako, itaifunga haki yako tu.

Kunyamaza je? Mwaka 2016 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya meli iliyoingiwa maji kwenye chumba cha injini. Waliodai walikuwa wametia uongo mdogo katika maelezo yao, uongo ambao mwishowe ulionekana hauna uhusiano wowote na haki yao ya kulipwa, na mahakama ikasema wasinyimwe fidia kwa ajili yake. Watu wengi waliifurahia hukumu hiyo. Lakini si kila nchi inafuata njia hiyo, na matumizi ya gari si jambo la pembeni. Ni moja ya mambo ambayo ada ya bima hupangwa kwayo. Kwa hiyo ukimya unaweza kupita salama, na mara nyingi hupita. Unaweza pia kukutwa, na ukikutwa utapoteza hata sehemu ambayo hakuna aliyekuwa na ubishi nayo, pamoja na jina lako kwa kampuni nyingine utakazoziomba bima baadaye.

Kusahihisha mwenyewe kuna gharama yake. Kampuni inaweza kupunguza malipo, inaweza kukataa kabisa, inaweza kuvunja mkataba. Inaweza pia kukudai tofauti ya ada na kuendelea kulipa. Mimi niliwahi kuwa mtu wa kupokea barua hizo, na nakuambia kwamba barua ya mteja aliyekuja mwenyewe haikusomwa kwa jicho lile la barua tuliyoichimbua sisi. Lakini haikuwa kila mara iliyoishia vizuri, na sitakudanganya. Ukielekea huko, zungumza kwanza na mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria, uwaonyeshe mkataba na historia ya safari ile. Sentensi moja iliyoandikwa vibaya inaweza kukiri kosa ambalo hukulifanya.

Kuna njia nyingine ambayo hamjaitaja, wewe wala mume wako wala mdogo wako, nami nashangaa wakala hakuisema. Ripoti ya polisi inasema mwenye pikapu hakutoa njia. Aliyewagonga ana bima, au anapaswa kuwa nayo. Unaweza kudai hasara yako kutoka kwake na kwa kampuni yake. Huko mkataba wako na mipaka yake ya matumizi si msingi wa dai, kwa sababu huwadai kama mteja wao. Unawadai kama mtu aliyeharibiwa mali na mteja wao, awe dereva wako alikuwa anarudi nyumbani au vyovyote. Ukweli utasemwa kulekule vilevile, ila haukati mzizi wa dai lako.

Isikudanganye kuwa rahisi. Katika baadhi ya nchi bima ya lazima hulinda miili ya watu tu, mali haimo, na mwenye pikapu akiwa na hiyo peke yake utamdai yeye mwenyewe. Kampuni yake inaweza kubisha kwamba mdogo wako naye alikwenda kasi. Inachukua muda, na kuna ukomo wa muda wa kudai unaotofautiana nchi hadi nchi. Tena huwezi kulipwa mara mbili kwa hasara moja: kampuni yako ikikulipa, inachukua nafasi yako ya kumdai mwenye pikapu kwa kile ilicholipa. Lakini kile isichokulipa, yaani hilo pengo, kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujibebea, na gharama za usafiri wa mama kwa miezi yote mitatu, kinaweza kubaki dai lako. Ndiyo maana hati ile isome neno kwa neno kabla ya kuisaini. Baadhi huandikwa kwa upana wa kuachia kila dai dhidi ya kila mtu. Na mdogo wako asikubaliane lolote pembeni na yule dereva, hata kwa ujumbe wa simu.

Kuhusu malalamiko kwa msimamizi wa bima, mdogo wako hakukosea kwamba njia ipo. Kwa kawaida unaanza na ofisi ya malalamiko ya kampuni yenyewe, ukishindwa unapanda kwa msimamizi au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ambaye katika nchi nyingi hamtozi mlalamikaji. Ila huko wataomba faili lote. Usiende ukiwa na ukurasa ambao hutaki usomwe.

Halafu mdogo wako. Ameendesha miezi mitano gari lisilo na bima ya kazi ile, na abiria wake hawakujua. Kama usiku ule mtu angeumia kiti cha nyuma, leo tungezungumza mengine kabisa, na nadhani hasira yako inajua hilo. Alikuwa pia kijana aliyeshindwa ada na kuona aibu kukuambia dada yake. Yote mawili ni kweli. Usimlinde kiasi kwamba asijue uzito wa alichofanya. Yeye ndiye anayejua ukweli wa usiku ule, na wewe ndiye unayetakiwa kusaini; muulize kama anaona ni haki mzigo ubaki ulivyo. Pengine anangoja kuulizwa hivyo, na si kufokewa.

Kuhusu kesho kutwa: tarehe hiyo wameiweka wao, na kuomba muda hakukufungi popote. Ukitaka, andika hivi: "Nimepokea barua yenu. Kabla ya kuijibu naomba nakala ya ripoti ya mkadiriaji, mchanganuo wa makato na vifungu vya mkataba mlivyovitumia. Naomba siku kumi na nne tangu nitakapovipokea, bila kuathiri haki zangu." Haina uongo ndani yake, haikubali wala haikatai, na inakupa muda wa kukaa na simu ya mdogo wako na kile kitabu cha mkataba.

Ukishaona saa ya safari yake ya mwisho, niandikie tena. Na barua hiyo usiifute.

Shangazi